Silikoni ya platinamu na salfa haziivi chungu kimoja
Jamani kama unataka kutoa kopi ya medali ya babu au pete ya zamani, kabla hujamwaga silikoni ya kutengenezea kalibu cheki kwanza ni ya aina gani, maana ile ya platinamu (inayogandishwa na kichocheo cha platinamu) ikigusa salfa haigandi, inabaki ute unaonata kwenye nakshi zote na kuusafisha bila kuharibu kitu ni kazi kweli, na salfa yenyewe imejificha kwenye plastisini nyingi na glavu za lateksi. Vaa za vinaili. Jaribu tone moja upande wa nyuma. Halafu usimimine fedha kwenye kalibu hiyo ya silikoni, inayeyuka kwa nyuzi 961 na silikoni haivumilii hata nusu yake, mimina nta, nta hiyo ndo uizungushie plasta ya kusubu, yaani plasta inayohimili joto, nta ikiyeyuka na kutoka ndo fedha inaingia mahali pake.