Jinsi ya kuagiza waini toka jimbo lingine Marekani bila mzigo kukwama

Ndugu zangu mlioko Marekani, hili swali naulizwa sana. Mtu kaenda kutembea Napa kule California, kaonja waini kaipenda, karudi kwake anataka aagize katoni nzima, anaambiwa haiwezekani, anadhani kadi yake ya benki ina shida. Sio kadi, ni sheria, na imepiganiwa mahakamani miaka mingi.

Kabla hujalipa, jua kwanza anayekuuzia ni nani, ni mtengenezaji mwenyewe au ni duka? Wengi wanakwama hapa. Marufuku ya pombe ilipofutwa 1933, Marekebisho ya 21 ya katiba yaliachia majimbo yapange yenyewe mambo ya pombe, mengi yakaweka ngazi tatu: mtengenezaji anamuuzia wa jumla, wa jumla anamuuzia mwenye duka, mwenye duka ndo anakuuzia wewe. Kukutumia moja kwa moja ni kumruka wa jumla, na wa jumla hawakubali kirahisi, wana pesa na wabunge wanawasikiliza.

Sasa Michigan na New York zikaleta upendeleo wa wazi, mtengenezaji wa ndani ya jimbo anaruhusiwa kumtumia mteja nyumbani, wa nje Michigan inamkatalia na New York inamwambia afungue kwanza ofisi humo. Mwaka 2005, kesi ya Granholm v. Heald, Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 5 kwa 4 kwamba hiyo ni kuwabagua wa nje, jimbo liruhusu wote au likataze wote. Kwa mimi ile hukumu ilikuwa ya haki kabisa, mkulima mdogo ambaye wa jumla hawamtaki angeuzia wapi?

Ila maduka hayakufunguliwa mlango huo. 2019 mahakama hiyohiyo ilifuta sheria ya Tennessee iliyotaka mtu awe kaishi jimboni miaka 2 ndo apate leseni ya duka la pombe, watu tukafurahi tukidhani maduka yatatuma popote, lakini 2020 mahakama ya rufaa ikairuhusu Michigan iendelee kuyazuia maduka ya nje. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kwenye duka la jimbo lingine, wakachukua hela, wiki mbili baadae wakafuta oda, kumbe hawakuwa na ruhusa ya kutuma kwetu toka mwanzo. Kwa hiyo kama unaweza, agiza kwa mtengenezaji.

Halafu angalia jimbo unaloishi WEWE, sio waini inakotoka. Utah bado hawaruhusu kabisa uletewe nyumbani. Massachusetts walijaribu kuwabana wenye kuzalisha zaidi ya galoni 30,000 kwa mwaka, na hakuna mtengenezaji wa kwao aliyefika hapo, mahakama ikaifuta 2010, leo unaruhusiwa katoni 12 kwa mwaka toka kwa kila mtengenezaji mwenye leseni yao. Tovuti ya mamlaka ya pombe ya jimbo lako inaeleza haya yote, soma hapo, usimtegemee muuzaji peke yake.

Posta sahau, sheria ya shirikisho inakataza kutuma pombe kwa posta, hata chupa moja ya zawadi kwa shangazi. UPS na FedEx nao hawapokei pombe toka kwa mtu wa kawaida, lazima mtumaji awe na leseni na mkataba nao. Mzigo ukifika lazima mtu wa miaka 21 kwenda juu asaini na kitambulisho mkononi, kama mchana hamna mtu nyumbani omba upelekwe kazini au kwenye kituo chao cha kuchukulia. Na usiagize Julai, joto la ndani ya gari linaiharibu.

Wanaotamani waini ya Dodoma, mwambieni anayekuja aweke kwenye begi la kuchekini, lita moja kwa mtu wa miaka 21 haitozwi ushuru wa forodha, ila aitaje akifika.