Kubadilisha chujio la hewa la injini kwenye minivani

Chujio la hewa likichafuka huibana injini pumzi. Likikaa vibaya, huiua polepole. Katika kazi hii ya robo saa, kutoa la zamani ni rahisi, kasheshe iko kwenye kulikalisha jipya. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na zikipata mwanya wa kupita pembeni mwa raba ya chujio, zinaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusugua ringi za pistoni kama msasa.

Kwa gari linalotembea kwenye lami, vitabu vingi vya magari hutaja muda wa kubadilisha kati ya kilomita 25,000 na 50,000. Kwenye barabara za vumbi gawa kwa mbili, na ulitazame chujio kila unapobadilisha oili. Usingoje ulaji wa mafuta ukushtue. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa yenye machujio yaliyoziba, na ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta ya injini hupunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Kilichoharibika ni gari kuchanganya mwendo: kwa chujio safi, muda wa kuongeza mwendo uliboreka kwa takriban asilimia 6 hadi 11. Kwenye minivani hali hiyo utaihisi gari likiwa limejaa watu na mizigo, tena mlimani.

Rangi peke yake isikudanganye. Upande unaopokea hewa ya nje hugeuka kijivu mapema, na chujio bado linafaa. Weka tochi upande mmoja wa karatasi ya chujio uangalie upande wa pili. Mwanga ukipenya kati ya mikunjo, bado lina maisha. Ukiona giza tupu, limekwisha. Na ukiona kitone kimoja kikali cha mwanga, karatasi imetoboka, litupe hata kama ni jeupe.

Unaponunua, toa namba ya chesisi au aina ya injini na mwaka, maana minivani ya jina lilelile huweza kuja na injini tatu tofauti, kila moja na boksi lake la chujio. Usichukue chujio la kiyoyozi kwa makosa. Lile hukaa mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, na kazi yake ni kusafisha hewa mnayovuta ninyi.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota, soketi namba 8 na namba 10, tochi, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Vakyumu ndogo ikiwepo ni nzuri zaidi.

Zima injini, zima swichi, acha ipoe. Fungua boneti utafute boksi jeusi la plastiki ambalo hozi nene inatoka kwake kwenda kwenye injini. Katika minivani nyingi liko pembeni, karibu na betri. Zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele zina mpangilio wake, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Mfuniko hushikwa na klipu za chuma au skrubu, kwa kawaida mbili hadi tano. Skrubu nyingi za aina hii hazichomoki kabisa, zinalegea tu na kubaki kwenye mfuniko. Ukiilazimisha itoke utaharibu plastiki.

Kwenye mfuniko au mwanzoni mwa hozi kwa kawaida kuna sensa ya kupima hewa, yenye konekta ya waya. Mara nyingi huna haja ya kuichomoa, kwani mfuniko ukiinuka kiasi cha kupitisha chujio inatosha. Ikibidi kuichomoa, bonyeza kifungio chake kwanza na ushike konekta yenyewe, usivute waya. Plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka hukatika kirahisi. Kile kiwaya chembamba ndani ya sensa usikiguse, wala usikifute kwa kitambaa.

Nyanyua mfuniko, kisha toa chujio likiwa limelala vilevile. Ukilipindua humohumo, vumbi lote linamwagikia ndani. Kumbuka raba ilikuwa inatazama wapi. Sasa ziba mdomo wa hozi kwa kitambaa na usafishe sehemu ya chini ya boksi: utakuta majani, wadudu, pengine kiota cha panya. Futa pia mfereji ambamo raba hukaa, kwa sababu punje moja ya changarawe pale inatosha kuinua raba na kuacha mwanya. Kitambaa cha kuzibia usikisahau ndani.

Linganisha machujio mawili kabla ya kuweka: urefu, upana, kimo na unene wa raba. Tofauti ya milimita chache kwenye ukingo haivumiliki. Laza jipya kwenye mfereji wake, kisha pitisha kidole kuzunguka raba yote. Lazima uhisi usawa mmoja bila sehemu iliyojikunja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mifuniko mingi ina ndimi za plastiki upande wa nyuma, usikoona vizuri, zinazoingia kwenye matundu ya boksi. Ingiza hizo kwanza, ndipo ushushe mbele. Ukianza na klipu za mbele, mfuniko utaonekana umefunga kumbe nyuma uko wazi. Klipu iliyokaa sawa hufunga kwa nguvu ya kidole gumba. Ikigoma, usiipige. Fungua tena, kuna kitu hakijakaa. Skrubu zifunge kwa mkono hadi zikaze basi, kwani uzi wa plastiki ukiliwa haurudi.

Rudisha konekta hadi ilie "ta", kaza klempu ya hozi kama uliilegeza, kisha washa injini. Mluzi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka, au taa ya injini kuwaka ni dalili kwamba hewa inaingia baada ya sensa bila kupimwa, au konekta haijaingia vizuri. Anza na hozi, ndipo uende kwenye konekta.

Kupuliza chujio la karatasi kwa kompresa ili litumike tena si uchumi. Upepo mkali hupasua karatasi mahali usipoona. Kulipaka oili nako ni kosa, maana huzuia hewa na kuchafua sensa.

Likitoka limelowa oili, jipya halitatibu chochote: angalia vali ya mvuke wa krenki (PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa), au ringi za pistoni zilizochoka. Likitoka limelowa maji, usiwashe injini kabla ya kukausha boksi na kuhakikisha hozi haina maji hadi kwenye throto, yaani mlango wa hewa wa injini.