Jinsi ya kuchagua vodka bila kulipia uzuri wa chupa

Nipo kaunta huku Sinza na swali la kila wikiendi ni "ipi kali?" Wakuu, ukali umeandikwa kwenye lebo, nyingi zinacheza asilimia 37.5 mpaka 40, Ulaya sheria inasema isishuke chini ya 37.5 na Marekani isishuke chini ya 40. Cha kuuliza ni imetengenezwa na nini, na we unaenda kuinywaje.

Hatua ya 1: anza na unavyokunywa. Kama unachanganyia soda au juisi ya ukwaju, chukua Smirnoff ya kawaida, hela iliyobaki nunua mishkaki. Ukwaju ukishaingia hata mimi siwezi kukutofautishia. Kama unainywa kavu au na barafu tu, twende hatua ya 2.

Hatua ya 2: angalia malighafi, hapa ndo penye utamu wenyewe. Za ngano kama Absolut ya Sweden na Grey Goose ya Ufaransa ni laini, zina kautamu kwa mbali, mtu anayeanza namuanzishia hizo. Rai, ile nafaka ya nchi za baridi, ndo Belvedere ya Poland, inakuachia kama pilipili manga mwishoni na mimi binafsi hii ndo yangu. Kuna za viazi, Chopin ile ya viazi kwa mfano, nzito, inatelezea ulimi. Tito's ya Texas ni mahindi. Cîroc ni zabibu, na Ulaya kama hujatumia nafaka wala viazi lazima uandike kwenye lebo umetumia nini, kwahiyo ukisoma vizuri utaiona tu.

Konyagi usiiweke kwenye huu mzani, ina asilimia 35 na ladha yake mwenyewe, si vodka.

Hatua ya 3: ukiona lebo inasema "imekenekwa mara tano", yaani imechemshwa na mvuke wake ukapozwa mara tano, ipuuze. Kiwandani spiriti inatoka na kilevi karibu asilimia 96 halafu inapunguzwa kwa maji, na ule mtambo wa mnara unakeneka mara nyingi kwa mkupuo mmoja, sasa hiyo tano kila kampuni inajihesabia kivyake.

Hatua ya 4: onja mbili kwa pamoja, toti ndogo, bila barafu maana ubaridi unaficha makosa. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, piga funda dogo, zungusha, kisha ongeza matone ya maji uonje tena. Ikinuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha achana nayo hata kama chupa inang'aa vipi.

Hatua ya 5: kununua. Stempu ya TRA iwepo, kifuniko kisiwe kimechezewa, na mzinga wa bei mbaya ukiuzwa nusu bei uchochoroni we pita zako, kwa sababu inaweza kuwa feki yenye methanoli, ile pombe ya sumu, na hiyo huwezi kuijua kwa kunusa wala kuonja, na inapofusha, inaua.

Ukifika nyumbani itupie friza. Vodka ya 40 kwenye friza ya kawaida inakuwa nzito tu, haigandi, kwahiyo ukikuta imekuwa barafu gumu ujue wameichakachua kwa maji, irudishe dukani na risiti yako.