Somo: Kuni kavu za kuuza Mombasa, kuanzia gogo hadi tita

Naandika hapa mara moja ili kila anayeniuliza "mbona kuni zangu za mwaka mzima bado zinafuka moshi" nimwelekeze asome. Kuni haikauki kwa kukaa. Hukauka kwa kuchanjwa na kupigwa na upepo. Gogo zima ukililaza chini Kisauni mwaka mzima utalikuta bichi kwa ndani, na kuni iliyochanjwa Disemba ikapangwa vizuri huwa tayari kabla masika hayajaanza. Mengine yote ni maelezo ya hilo.

Hatua ya 1: Mti. Kwetu pwani mvinje ndio mfalme. Ni mzito, mgumu, moto wake mkali na kaa lake linadumu. Mathenge nao ni mzuri sana ukiupata. Mwembe ni wa wastani, unawaka upesi na kuisha upesi, unafaa kuchanganyia. Gogo la mnazi liache, ni nyuzi tupu na linakunywa maji. Faida ya mnazi ni vifuu na makumbi ya kuwashia. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake ukikuingia jichoni ni hospitali. Mkoko pia usiuguse, kwa sababu nyingine: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na bila leseni ya KFS, shirika la serikali la misitu, unaununua pamoja na kesi yake.

Hatua ya 2: Karatasi. Leseni ya biashara ya kaunti, na kibali cha KFS cha kusafirisha mzigo kutoka shambani. Kibali kikae ndani ya gari, si nyumbani.

Hatua ya 3: Kukata. Sentimita 40 hadi 50 kwa meko ya sherehe, 30 kwa jiko la nyumbani. Vipande vilingane urefu, la sivyo havitapangika.

Hatua ya 4: Kuchanja. Chanja mti ungali mbichi. Mvinje ukishakauka utakutoa jasho bure. Shoka la kukatia miti ni jembamba, hukwama. La kuchanjia ni nene mgongoni, linasukuma mti pande mbili. Gogo nene usilipige katikati, anza pembeni ulibandue vipande ukizunguka, uje umalizie moyo wake. Penye fundo weka kabari ya chuma na nyundo. Juu ya kigogo cha kuchanjia pigilia tairi kuukuu la gari, usimamishe vipande ndani yake: havirukiruki, na huinami kila dakika kuokota. Viatu vigumu vya kufunika vidole. Ndala hapana.

Unene wa mwisho uwe wa mkono wa mtu mzima, usizidi. Maji ya mti hutokea zaidi kwenye ncha zilizokatwa na penye uso uliochanjwa, ganda huyazuia. Ndiyo maana fito nyembamba yenye ganda zima inaweza kukawia kuliko pande nene lililochanjwa mara nne.

Hatua ya 5: Kupanga na kufunika. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo mizigo mizuri inapoharibikiwa.

Kuni zisiguse ardhi. Weka mawe, juu yake mbao au paleti, kiasi cha shubiri moja kutoka chini ili hewa ipite na mchwa aonekane anapopanda. Panga mstari mmoja mmoja, si lundo. Kati ya mstari na mstari mtu aweze kupita, na ukuta uache mbali angalau mkono mmoja. Ubavu wa mstari uelekee upepo. Kaskazi ya Disemba hadi Machi ndiyo rafiki yako, maana Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote Mombasa. Kusi ina upepo pia, lakini inakuja na mvua za Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo nzito kabisa.

Sasa turubai. Watu wanalivika rundo kuanzia juu hadi chini, wanafunga kwa kamba, wanalala wameridhika. Mchana jua linachoma, maji yanatoka kwenye kuni. Usiku turubai linapoa na ule mvuke unageuka maji. Lifunue alfajiri uone: matone yamening'inia kwa ndani safu kwa safu, ncha za kuni zina ukungu mweupe, na harufu ya kuchacha inakupiga usoni. Maji yaliyotoka mchana yamezirudia kuni zile zile. Ukiziacha hivyo masika nzima unauza kuni zilizooza, nyepesi mkononi, zinazowaka kwa moshi bila nguvu.

Funika JUU tu. Bati kuukuu lenye mteremko, likizidi kidogo kila upande, liwekewe jiwe lisipeperuke. Ubavu uwe wazi. Mvua ya upande italowesha ngozi tu, na siku mbili za upepo zinaikausha. Kama huna ila turubai, lifunge juu kwenye miti minne kama paa, lisiguse kuni.

Mvinje uliochanjwa hivi ukianikwa kaskazi nzima, miezi miwili hadi mitatu unatosha. Ukianza Aprili tegemea nusu mwaka.

Hatua ya 6: Kupima. Gonga kuni mbili: kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa mdundo mzito. Ncha ziwe na nyufa. Lakini hayo ni ya kukisia. Kipimo cha kweli ni mizani: toa vipande vichache katikati ya mstari, vitie alama ya rangi, vipime kila wiki. Uzani ukiacha kushuka kwa wiki mbili tatu mfululizo, zimefika. Lenga unyevu chini ya asilimia 20. Kwa hewa yetu yenye unyevu hazitakauka kabisa hata ukizingoja miaka, msihangaike.

Hatua ya 7: Kuuza. Usiuze kwa "pikapu" bila kueleza. Mita moja ya ujazo iliyopangwa ina mti mwingi zaidi kuliko mita ile ile iliyomwagwa ovyo. Theluthi moja hivi ya iliyopangwa ni hewa, na iliyomwagwa hewa yake inafika nusu au hata kuzidi. Mwambie mteja ni ipi. Kwa matita, chomelesha pete ya chuma, jaza ndani, funga, toa. Tita zote zitalingana na maneno yataisha.

Ukinunua mbichi kwa kilo, hesabu kwanza. Tani moja ambayo nusu yake ni maji ikikauka hadi asilimia 20 inabaki kilo 625. Bei yako ya kilo ianze hapo, si kwenye tani uliyolipia.

Maswali karibuni.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Kuni zangu zina miezi minane na zinatoa moshi. Nimezifunika vizuri kabisa na turubai mpaka chini. Tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Likoni: Nimesoma juu juu bro, nambie kwa kifupi.

Jibu: Toa turubai. Kama ni magogo mazima, chanja.

Mpishi wa Majengo: Assalaam aleikum ami. Sisi tunapika biriani za harusi, masufuria makubwa matatu manne kwa wakati mmoja. Nimenunua kipimo cha unyevu cha pini mbili. Kwa nje kinasoma 13, lakini jikoni kuni zinalia na kutoa povu kwenye ncha. Kinadanganya?

Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Hakidanganyi, kinasoma ngozi. Chukua kuni, ichanje papo hapo, uchomeke pini kwenye uso mpya, katikati ya urefu wake, pini zikifuata mishipa ya mti. Hapo utaona namba yake ya kweli. Povu na mlio ni maji yanayochemka na kutafuta njia ya kutoka, na huo moto wa kuyachemsha ni wa biriani yako.

Jambo la pili, ukitaka kukihakiki: kata kijipande cha gramu 200, kiweke ovenini nyuzi 100 hadi 105 mpaka uzani usimame. Tuseme kimebaki gramu 160. Maji ni 40. Ukigawa kwa 200 unapata asilimia 20, ukigawa kwa 160 unapata 25. Vipimo vingi vya pini hutumia hesabu ya pili, kwa hiyo kikisoma 25 usikasirike, ni sawa na 20 yangu.

Mpishi wa Majengo: Shukran sana ami. Nami nawapa yangu: sufuria kabla ya kuipandisha mekoni ipakeni nje sabuni ya maji iliyochanganywa na majivu. Masizi yanatoka kwa maji tu.

Jibu: Hii hata mke wangu ameipenda. Ahsante.

Msafiri wa Changamwe: Paleti za bandarini je? Ziko nyingi na ni kavu tayari.

Jibu: Swali zuri. Tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. HT maana yake imetiwa joto tu kuua wadudu, hiyo sawa. MB imefukizwa kwa methili bromaidi, isikaribie chakula. Isiyo na muhuri, iliyomwagikiwa mafuta au kupakwa rangi, iache. Vivyo hivyo mbao za majahazi yaliyovunjwa na nguzo kuukuu za umeme: zina rangi na dawa, moshi wake ni sumu. Na paleti ni mti mwepesi, uza kama kuni za kuwashia, usizitoze bei ya mvinje.

Mtu wa Nyali: Nyinyi ndio mnaomaliza misitu halafu mnafundishana.

Jibu: Mvinje ninaouza ni zao la shamba, Kilifi na Kwale, mkulima ameupanda kama alivyopanda mnazi. Boriti zinakwenda kwenye ujenzi, mimi nanunua matawi na vipande vilivyopinda. Mizizi yake ina vijidudu vinavyoipa ardhi naitrojeni. Machimbo ya Bamburi yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, juu ya mawe matupu, mvinje ndio uliokubali. Ukiwa na ushahidi wa kuni zangu kutoka msituni, ulete.

Mkulima wa Mtwapa: Kwa hiyo nikikata mvinje unachipua tena?

Jibu: Kisiki chake hakichipui vizuri, ndugu yangu. Panda mche mpya kila unapokata, usingoje. Ukitaka mti wa kuchipua upande mwarobaini pembezoni, huo ukiukata unatoa machipukizi mengi. Acha mawili matatu yenye nguvu.

Mkulima wa Mtwapa: Na majivu nimwage shambani?

Jibu: Kidogo, na si kila mahali. Majivu hufanya kazi ya chokaa, na udongo wa karibu na pwani uliokaa juu ya matumbawe tayari una chokaa ya kutosha. Ukipanda kwenye udongo mwekundu wa ndani yatakufaa zaidi.

Dada wa Mikindani: Tita bei gani?

Jibu: Somo hili si la bei.

Dada wa Mikindani: Samahani ami. Basi naona unga mweupe unamwagika chini ya kuni zangu, na vitundu vidogo. Ni mchwa?

Jibu: Hakuna haja ya samahani. Mchwa huja na udongo, hujenga vijia vyake kutoka chini. Unga na vitundu ni dumuzi, tena anapenda mti wenye ganda. Bandua ganda, tenga hizo kuni, zitumie au ziuze mwanzo kabla ya nyingine, na usizihifadhi ndani karibu na fanicha au boriti za paa. Dawa ya wadudu usipulize, kuni hizo zinakwenda chini ya sufuria ya mtu.