Namna ya Kuendesha Utafiti wa Maoni Unaoaminika Katika Kata

Kikundi cha vijana, redio ya jamii, asasi ya kiraia au kamati ya maendeleo ya kata huweza kufika mahali ikahitaji kujua wakazi wanasema nini hasa juu ya maji, nauli za daladala, bei ya unga au tukio lililotawala mazungumzo ya wiki nzima. Njia nyepesi ni kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, au kuwaomba wasikilizaji wapige simu studio, kisha kuhesabu majibu. Njia hiyo hutoa takwimu, lakini takwimu hizo ni za waliojitokeza, nao waliojitokeza ni wenye bando, wenye nafasi na, mara nyingi, wenye hasira. Mama anayekaanga vitumbua tangu alfajiri na kurudi nyumbani kupika chakula cha mchana hayumo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumfikia yeye pia, kwa sababu utafiti wa maoni hupimwa kwanza kwa nani aliulizwa na aliulizwaje. Wingi wa waliojibu huja baadaye.

Jarida la Literary Digest la Marekani lilijifunza hilo mwaka 1936. Lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza wananchi watampigia nani kura ya urais, likarejeshewa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalikuwa yametolewa kwa kiasi kikubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, watu waliokuwa na unafuu katika miaka ya mdororo wa uchumi, na waliojishughulisha kurudisha kadi walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Katika uchaguzi huohuo mtafiti wa maoni George Gallup, akiwa na sampuli (watu wachache waliochaguliwa ili kuwakilisha wengi) ndogo mno kuliko ile, alibashiri kwa usahihi kwamba Roosevelt angeshinda.

Kuweka mipaka kabla ya kuandika swali lolote

Anza kwa kuandika sentensi moja inayosema unataka kujua nini na kutoka kwa nani. Kwa mfano: wakazi wa kata wenye umri wa miaka 18 na zaidi wanaona kero ipi ndiyo ianze kushughulikiwa mwaka huu. Sentensi hiyo ikishindikana kuandikwa, utafiti haujawa tayari. Mpaka uliouweka hapo ndio mpaka wa matokeo yako. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu ambao asasi ya kiraia ya Twaweza ilianza kuuendesha kwa kuwagawia wahojiwa wapatao 2,000 simu na chaja za sola ili hata wasio na umeme waweze kupigiwa, ulihusu Tanzania Bara, na taarifa zake zilisema hivyo waziwazi. Haukudai kuisemea Zanzibar.

Vibali navyo vishughulikiwe mapema. Nchini Tanzania vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na nchini Kenya hutolewa na NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu). Uliza mapema kazi yako inahitaji nini. Baada ya hapo nenda kwa mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa ukiwa na barua. Waeleze unachofanya, lakini usiwaombe wakutajie watu wa kuhoji, na usikubali balozi wa nyumba kumi au mjumbe aongozane na mdadisi, yaani mtu anayehoji, mlango kwa mlango, kwa maana mkazi hawezi kusema kwa uhuru juu ya taka zisizozolewa huku kiongozi wake amesimama kibarazani.

Idadi ya watu wa kuhoji

Watu wengi hudhani kwamba kata yenye wakazi 30,000 inahitaji sampuli ndogo sana kuliko nchi nzima. Sivyo ilivyo. Afrobarometer, ambayo imekuwa ikikusanya maoni barani Afrika tangu mwaka 1999, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, na idadi hiyo hutosha hata kwa Tanzania, ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kanuni ya haraka ni kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Wahojiwa 100 hukupa uwezekano wa kukosea kwa takriban asilimia 10 juu au chini (ukipata 50, ukweli huweza kuwa popote kati ya 40 na 60), 400 hukupa asilimia 5, na 1,000 asilimia 3 hivi. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, itakubidi uhoji watu mara nne zaidi.

Kwa kata moja, wahojiwa 400 ni lengo la busara. Hata hivyo, ukihoji watu wengi katika mtaa mmoja, majibu yatafanana, kwa kuwa hao hunywa maji ya bomba moja na kupita barabara moja yenye mashimo. Ni afadhali kuhoji wanane katika kila kimoja cha vituo 50, yaani maeneo madogo ya kuhojia, vilivyotawanyika kata nzima kuliko kuhoji 50 katika kila kimoja cha vituo vinane.

Kutoka kituoni hadi kwa mhojiwa

Hapa ndipo tafiti nyingi za mitaani huharibikia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Mdadisi akiachiwa uhuru wa kuchagua, atahoji nyumba zilizo karibu na barabara, zisizo na mbwa, na watu wenye sura ya ukarimu. Lazima uchaguzi uondolewe mikononi mwake na ukabidhiwe kwa kanuni.

Chukua ramani ya kata, igawanye katika maeneo yenye wakazi wanaokaribiana kwa idadi, kisha chagua vituo kwa bahati nasibu. Katika kila kituo msimamizi huchagua mahali pa kuanzia, kwa mfano njia panda au msikiti, na wadadisi wanne hutawanyika. Wadadisi wa Afrobarometer wana utaratibu mzuri ambao unafaa kuigwa: wa kwanza huelekea upande lilipo jua, wa pili hulipa jua kisogo, na wawili waliobaki hukata kulia na kushoto kwa pembe mraba. Kwa kuwa jua halimpendelei mtu, hakuna anayeweza kulaumiwa kwamba alichagua mwelekeo. Kila mmoja huhesabu hatua kwa hatua: nyumba ya tano upande wa kulia, kisha ya kumi upande wa kushoto.

Lakini nyumba siyo kaya. Katika maeneo kama Manzese au Tandale jijini Dar es Salaam, nyumba moja ya Kiswahili yenye korido katikati huweza kuwa na vyumba sita, na kila chumba kikawa na mpangaji wake. Ukihoji mwenye nyumba peke yake kila unapobisha hodi, umewaondoa wapangaji wote, na wapangaji ndio wanaohisi bei ya umeme na kodi kuliko yeyote. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mdadisi ahesabu kaya zote zilizomo katika nyumba ile, azipe namba kuanzia chumba cha kwanza mkono wa kulia wa mlango mkubwa, kisha achague moja kwa karata zenye namba.

Ndani ya kaya, usimhoji aliyefungua mlango. Afrobarometer hubadilisha jinsia: mahojiano haya mwanamke, yafuatayo mwanamume. Mdadisi huuliza majina ya kwanza ya wanawake wote wa kaya waliotimiza miaka 18, akiwamo shangazi aliyelala na dada wa kazi anayeishi humo, huandika kila mmoja kwa namba, kisha humwomba mwenyeji achomoe karata moja bila kuangalia. Aliyetoka ndiye anayehojiwa. Zamu ya wanaume hufuata utaratibu huohuo, na kama aliyetoka ni kijana wa bodaboda ambaye hurudi saa mbili usiku, weka miadi na umrudie jioni au Jumapili. Kumbadilisha kwa mkewe aliyepo ni kishawishi kikubwa, nacho kikiruhusiwa, mwisho wa wiki utakuwa na maoni ya watu wanaoshinda nyumbani tu.

Kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni

Katika jamii zetu mgeni hakatizwi wala habishiwi. Mdadisi akikaribishwa kiti na kuuliza, “Je, unakubali kwamba ushuru wa soko upunguzwe?”, atajibiwa ndiyo. Dakika mbili baadaye akiuliza kama ushuru uongezwe ili soko lisafishwe, atajibiwa ndiyo vilevile. Huo ni upole, na mwandishi wa dodoso ndiye mwenye wajibu wa kuukwepa. Mpe mhojiwa kauli mbili zenye uzito sawa. Kauli ya kwanza: ushuru wa soko upunguzwe, hata kama taka zitachelewa kuzolewa. Kauli ya pili: ushuru wa soko ubaki ulivyo, ili taka zizolewe kwa wakati. Muulize ni ipi iliyo karibu zaidi na mawazo yake, kisha kama anakubaliana nayo sana au kwa kiasi. Hapo adabu haimsaidii kujibu, inambidi aamue.

Epuka swali lililobeba hukumu ndani yake, kama vile “Unakerwa kiasi gani na nauli zilizopandishwa bila kuwashirikisha wananchi?” Uliza: “Nauli ya daladala unayolipa sasa unaionaje: ni kubwa mno, ni ya kawaida au ni ndogo?” Epuka pia swali lenye mambo mawili. Mtu akiulizwa kama ameridhika na huduma za maji na umeme, na umeme kwake unawaka ila bomba ni kavu, hana jibu la kweli la kukupa.

Kwa maisha ya kila siku, uliza yaliyotokea kabla ya kuuliza hisia. Swali la Afrobarometer juu ya umaskini ni mfano mzuri: huuliza ni mara ngapi, katika mwaka uliopita, mhojiwa au mtu wa familia yake alikosa chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na kipato cha fedha taslimu, na majibu huanzia kamwe hadi kila mara. Jambo dogo linalosahaulika haraka liwekewe siku saba tu, kwani hakuna anayekumbuka bomba lilikauka siku ngapi mwezi wa tatu.

Mpangilio nao una nguvu. Ukiuliza maswali kumi juu ya kukatika kwa umeme, halafu ukamtaka mhojiwa ampime mwenyekiti wa mtaa, umemkumbusha hasira kabla ya kumwomba haki. Maswali ya jumla yatangulie. “Sijui” liwe jibu halali ambalo mdadisi hulipokea bila kushinikiza, ingawa ni vyema asilisome kwa sauti.

Jaribu dodoso kwa watu 15 au 20 walio nje ya sampuli, na usikilize wanapokwama. Kama eneo lako lina wazee wanaozungumza Kisukuma au Kimaasai zaidi ya Kiswahili, tafsiri iandikwe kabla, kisha mtu mwingine airudishe katika Kiswahili ili ionekane kama maana imebaki palepale. Mdadisi kutafsiri papo hapo ni kutunga swali jipya kila nyumba.

Mdadisi mwenyewe

Fundisha wadadisi kwa siku mbili angalau, na muda mwingi utumike kuigiza mahojiano. Wasalimie inavyostahili, shikamoo kwa aliyewazidi umri, wajieleze, waombe ridhaa na waseme wazi kwamba mhojiwa anaweza kukataa au kuacha katikati. Swali lisomwe lilivyoandikwa. Mhojiwa akiomba ufafanuzi, lisomwe tena polepole, bila mfano wa ziada. Majirani wakikusanyika, mdadisi aombe kusogea kando. Mume akiketi karibu na kuanza kujibu, aahirishe kwa adabu.

Mwishoni ongeza swali ambalo Afrobarometer nayo hutumia: mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma? Wengi wakijibu serikali au chama licha ya maelezo mliyowapa, soma majibu yao kuhusu viongozi kwa tahadhari kubwa. Hofu haionekani kwenye asilimia, lakini swali hili huifichua.

Kuhesabu na kutangaza

Linganisha kwanza sampuli na wakazi halisi. Tuseme kati ya 400 umepata wanawake 260 na wanaume 140, kwa sababu vituo kadhaa vilikiuka zamu ya jinsia. Asilimia 70 ya wanawake na asilimia 50 ya wanaume wametaja maji kuwa kero kuu. Ukijumlisha tu, utapata asilimia 63. Ukiyapa makundi mawili uzito wa nusu kwa nusu kama yalivyo katika kata, utapata 60. Tangaza 60, na useme umefanya marekebisho hayo.

Kero mbili zikipata asilimia 46 na 43 kwa sampuli hiyo, usiandike kwamba moja inaongoza. Wala usichambue mtaa mmoja mmoja: mtaa wenye wahojiwa 50 una uwezekano wa kukosea kwa takriban asilimia 14 kila upande, na orodha ya mitaa iliyopangwa kwa takwimu hizo itazua ugomvi usio na msingi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka watangazaji wamtaje aliyegharamia, aliyeendesha, tarehe, idadi ya waliohojiwa, uwezekano wa kukosea na maswali yaliyoulizwa, na inakataza kuchapisha matokeo katika siku tano kabla ya uchaguzi. Hata kama utafiti wako unahusu mitaro na taka tu, weka taarifa hizo zote kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na idadi ya waliokataa kuhojiwa.

Majina na namba za simu ulizochukua kwa ajili ya kuhakiki kazi ya wadadisi zitenganishwe na majibu siku hiyohiyo, kama sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya, ya mwaka 2019, na Tanzania, ya mwaka 2022, zinavyokutaka uwe mwangalifu. Msimamizi apige simu kwa mhojiwa mmoja katika kila kumi kuthibitisha kwamba alihojiwa kweli. Uhakiki ukiisha, orodha hiyo iteketezwe, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kupelekwa redioni.