Kuchavusha Mibuni kwa Mkono ili Kupata Chotara

Ua la arabika hujichavusha lenyewe, mara nyingi likiwa ndiyo kwanza linafunguka. Kwa hiyo ukitaka kuoanisha N39, aina yetu ya zamani ya arabika ya Tanzania, yenye ladha nzuri lakini dhaifu kwa chulebuni (ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa yangali mabichi) na kutu ya majani, na mbuni mwingine wenye ukinzani, lazima uwahi ua kabla halijafunguka. Ukichelewa jioni moja tu, mbegu utakayovuna ni N39 ileile.

1. Chagua baba. Ukinzani wa chulebuni hupatikana kwa Rume Sudan, aina ya arabika kutoka Sudan, na wa kutu kwa Hibrido de Timor, chotara ya asili ya arabika na robusta. Usimtafute baba kwenye shamba linalopigwa dawa, maana dawa huficha udhaifu. Mtafute penye baridi na ukungu, pasipopigwa dawa.

2. Hesabu siku. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huamsha matumba, nayo hufunguka siku 8 hadi 12 baadaye. Mimi huanza kukagua siku ya sita. Tumba lililo tayari ni jeupe, limevimba, na bado limefumba.

3. Hasi maua, yaani yaondolee sehemu za kiume, jioni kabla hayajafunguka. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Vifuko vya chavua vimeshikamana na petali, hivyo ukikata bomba la petali karibu na kitako kwa mkasi mdogo na kulivuta polepole, vyote vitano hutoka nalo. Kinachobaki ni kijiti chembamba cha kike. Kikikwaruzwa, ng'oa ua hilo. Ng'oa pia matumba machanga na maua yaliyokwisha kufunguka kwenye tawi hilo, kisha lifunike kwa mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni huunguza.

4. Jioni hiyohiyo kata vitawi vya baba vyenye matumba, uviweke ndani kwenye glasi ya maji. Asubuhi vitafunguka bila nyuki kuvigusa. Paka chavua kwenye ncha ya kijiti cha kike, kisha funika tena kwa wiki moja.

5. Acha tawi moja lililohasiwa na kufunikwa bila kulipa chavua. Likizaa, ujue ulihasi kwa kuchelewa, na mbegu za siku hiyo huwezi kuziamini.

6. Andika mama, baba na tarehe kwa penseli kwenye kibandiko cha bati. Mwaka mmoja nilitumia kalamu ya wino. Mvua za masika zikafuta kila kitu, na bado inaniuma.

Kila ua hutoa mbegu mbili tu, na mengi hupukutika. Chavusha mamia. Baada ya miezi 7 hadi 9 vuna zilizoiva, menya kwa mkono, anika kivulini, panda mapema.

Ukipata mche bora, usiuzidishe kwa mbegu zake: watoto watatofautiana. Ndiyo sababu mbegu za Ruiru 11, kahawa chotara ya Kenya iliyotolewa 1985, huzalishwa kwa kuchavusha hivi hivi kila msimu. Tumia vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vya kuotesha mizizi, na uvikate kwenye machipukizi ya wima pekee. Kikonyo cha tawi la pembeni huota kikilala, wala hakisimami kuwa mti.