Namna ya Kuchambua Sababu za Vita vya Majimaji

Anayetakiwa kueleza sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na wakoloni wa Kijerumani, mara nyingi hukimbilia kuorodhesha: kodi, pamba, kazi za shuruti, ukatili wa maakida (wasimamizi waliowekwa na serikali ya Wajerumani), imani. Orodha hiyo haina kosa, ila haijajibu swali, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa ikitozwa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 na haikuwa imewaunganisha watu wa makabila mengi katika vita vimoja. Jiulize kwanza kwa nini vita vilizuka 1905 na kwa nini vilizuka kusini, kisha kila sababu unayoitaja uipime kwa maswali hayo mawili.

Anzia mahali vita vilipoanzia. Mnamo Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche, na kitendo hicho ndicho kilichokuwa tangazo la vita. Hawakuanza kwa kumshambulia Mjerumani wala kuchoma boma, na mchambuzi asilipite jambo hilo haraka, kwa sababu waasi wenyewe walikuwa wameonyesha kwa mikono yao walichokuwa wakikikataa.

Ukishafika kwenye pamba, eleza jinsi mpango wake ulivyofanya kazi, maana kusema tu kwamba watu walilazimishwa kulima hakutoshi. Kuanzia 1902, chini ya Götzen, gavana wa Kijerumani wa koloni hilo, majumbe, yaani wakuu wa vijiji, waliamriwa kufungua mashamba ya pamba ambamo watu wao walilima kwa zamu, na mapato yakagawanywa kati ya wakulima, jumbe na mamlaka ya wilaya. Katika wilaya ya Dar es Salaam, mwaka wa kwanza kila mkulima alipewa senti 35, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Weka malipo hayo kando ya kodi ya rupia 3 kwa nyumba, nawe utaona kwamba mtu angeweza kulima shamba la jumbe msimu mzima akabaki na deni la kodi lile lile, huku palizi na mavuno ya pamba yakimwondoa katika mtama na mpunga wake. Msimamizi wa yote hayo alikuwa akida, ambaye mara nyingi alitoka pwani na hakuwa na ukoo wala heshima ya asili pale alipotawala, na aliyeonekana mvivu alipigwa viboko, adhabu ambayo watu waliiita hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Hapa ndipo pa kutumia nafasi kubwa ya maandishi yako.

Baada ya hapo tenganisha kilichowaudhi watu na kilichowaunganisha. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza 1904 kugawa maji ya dawa, yaliyoaminika kumkinga mtu na risasi, na habari zake zikavuka mipaka ya makabila ambayo awali hayakuwa na jeshi wala mtawala mmoja. Hata hivyo alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vikaenea zaidi baada ya kifo chake. Kama yeye na dawa yake vingekuwa ndiyo sababu hasa, moto ungezimika pale pale.

Usidhani vilevile kwamba sababu za Umatumbi zilikuwa ndizo za kila mahali. Ungoni, nchi ya Wangoni, haukuwa na dhiki ya pamba kama ya pwani. Huko watawala walikuwa wamepoteza uwezo wa kuvamia majirani na kukusanya ushuru, na walikuwa na kinyongo na wamisionari. Wahehe, waliopigana na Wajerumani hadi kifo cha mtawala wao Mkwawa 1898, hawakujiunga, nao wanapaswa kutajwa, kwa kuwa kutokuasi kwao kunatuonya kwamba manung'uniko peke yake hayazai vita.

Tazama pia nani anasema. Götzen alikuwa na haja ya kuwalaumu waganga, kwani kuilaumu pamba kulikuwa kujilaumu mwenyewe. Wapinzani wa serikali katika Bunge la Ujerumani, kwa upande wao, walipenda kuilaumu siasa ya makoloni. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 ni hazina, na binafsi nayapa uzito mkubwa kuliko ripoti za gavana, ingawa yalisimuliwa katika fahari ya Uhuru na huenda yaliupamba umoja uliokuwapo.

Njaa kuu isiwekwe kati ya sababu, kosa ambalo hutokea mara kwa mara: ile iliyoua watu wengi kuliko risasi ilitokana na majeshi ya Wajerumani kuchoma vijiji, maghala na mashamba ili kuwalazimisha waasi wasalimu amri.